Dede Katika Mji wa Harambe

Mji wa Harambe una kosa la tahajia. Nililiona kabla sijaona kitu kingine chochote, kwa kuwa miaka 34 ya kusahihisha insha humwachia mtu jicho ambalo halistaafu pamoja naye. Neno tunalolijua sote, lile lililoandikwa kwenye nembo ya taifa la Kenya, lina irabu mbili mwishoni: harambee. Hapa, katika kuta zilizochubuliwa kwa makusudi ili zionekane za kale, irabu moja imedondoka. Nilimwonyesha binti yangu kwa kidole. Akatazama, akasema, "Eh, kweli, Mama," kisha akainama kuiokota kofia ya mtoto, iliyokuwa imetupwa chini kwa mara ya tano.

Msiutafute Harambe katika ramani ya Afrika. Ni mji wa kubuni, nao umo ndani ya Disney's Animal Kingdom, bustani ya burudani iliyo karibu na Orlando, katika jimbo la Florida, iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998. Wasanifu wake waliiga Lamu. Ukiingia utaona kuta nyeupe zilizomeguka, milango ya mbao, madirisha ya nakshi, na maandishi ya Kiswahili kila unapogeuka: hapa soko la Mombasa, pale kibanda cha vitu baridi kiitwacho Tamu Tamu, mbele kidogo Dawa Bar. Ni ajabu kuona watu wakigharimika kuujenga uchakavu. Kwetu Tanga mwenye nyumba ya namna ile angeona haya, angekopa fedha akapake chokaa kabla ya Idi.

Safari yenyewe ilikuwa zawadi yangu. Binti yangu anaishi Atlanta na mumewe Mmarekani, nami nilikuwa nimekwenda kumtazama mjukuu wangu wa kwanza, aliyetimiza mwaka mmoja wiki ile ile. Walikuwa na likizo ya siku chache. "Mama," aliniambia, "tumekuchagulia bustani yenye Kiswahili." Nilifurahi kama mtoto. Hakuna aliyeuliza, hata mimi sikuuliza, mtoto wa mwaka mmoja anakwenda kufanya nini huko.

Kutoka Atlanta hadi Orlando ni kilomita 700 hivi, na watu wasio na mtoto huzimaliza kwa saa saba. Sisi tulitumia saa kumi na moja. Ushauri wa usalama kule humfunga mtoto mdogo katika kiti chake cha gari akiwa amegeuzwa kinyume, uso wake ukielekea nyuma, hivyo haoni barabara wala haoni wazazi wake waliokaa mbele. Anamwona tu aliyeketi ubavuni pake, na ubavuni pake niliketi mimi. Tulisimama kubadilisha nepi, tukasimama kupasha maziwa, tukasimama kwa sababu ya kilio ambacho hakikuwa na sababu, na karibu na Valdosta tukasimama nusu saa nzima kwa kuwa alikuwa amelala na mama yake akahofia kwamba gari likiingia kwenye foleni ya kituo cha mafuta ataamka. Kwa saa hizo zote nilimpa biskuti, nilimfuta pua, nilimwokotea kijiko. Muda uliobaki nilikuwa nikimweleza mkwe wangu, kwa Kiingereza, tofauti kati ya "jambo" na "hujambo".

Tofauti hiyo naipenda, nayo si ndogo. Anayesema "hujambo" anauliza kama mwenzake hana jambo, yaani hana la kumsumbua, na ndiyo maana jibu huwa ni kukanusha: sijambo. Ukiikata kauli ile ukabakiza "jambo" peke yake, umeutupa ukanushi na umebaki na lile tatizo lenyewe. Wahudumu wa bustanini walitupokea kwa "Jambo!" yenye tabasamu pana, nami kila mara nilijibu "Sijambo," wao wakidhani nimewasahihisha. Na kweli nilikuwa ninawasahihisha.

Nikaendelea hivyo hivyo. Nilifafanua kwamba "matata" ni neno letu halali, la ukoo mmoja na utata, tatiza na tatua, lakini kwamba mwenyeji wa pwani, asipokuwa anazungumza na mtalii, atakwambia hapana taabu au hakuna shida. Nilieleza kwamba Pumbaa, yule ngiri wa filamu ya mwaka 1994, amepewa kitenzi kuwa jina. Nilisimulia kwamba Disney walikwisha kuyasajili yale maneno mawili, hakuna matata, yawe alama yao ya biashara nchini Marekani, na kwamba mwaka 2018 jambo hilo lilizua malalamiko makubwa mtandaoni. Tulipofika kwenye njia ya kuwatazama masokwe nilicheka peke yangu, kwa maana kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2016, njia hiyo iliitwa kwa jina la Pangani. Mimi ni mzaliwa wa Pangani. Kwetu kuna kivuko, kuna minazi na mamba wa mtoni. Sokwe namwona Florida.

Na mtoto? Bustani ile haimtozi kiingilio aliye chini ya umri wa miaka 3, nami naona ni haki, kwa kuwa mtoto wa mwaka mmoja hakuona lolote kati ya yale tuliyolipia. Mti mkuu wa bustani, wenye kimo cha mita 44 na wanyama zaidi ya 300 waliochongwa katika shina lake, hakuutazama hata mara moja. Alivutiwa na kifuniko cha kikombe. Alivutiwa na ndege weupe wenye midomo iliyopinda, jamii ya kwarara, ambao Florida hutembea katikati ya watu kama kuku wa uani. Tulipanda lori la wazi la Kilimanjaro Safaris, tukapita kando ya mibuyu ambayo ukiitazama vizuri ni ya zege, na twiga wa kweli akatukaribia kiasi cha kuhesabika kope zake. Lori zima lilishusha pumzi. Mjukuu wangu alikuwa anakivuta kifungo cha shati la abiria wa kiti cha mbele.

Saa nane mchana likaja lile linalomjia kila asafiriye na mtoto mdogo. Alikuwa amekosa usingizi wake wa mchana. Joto la Juni kule ni joto la Tanga kabla ya masika, zito, lisilo na upepo. Akalia kwa namna ambayo haisikii maziwa, haisikii kifuniko wala kwarara. Mkwe wangu alikimbia kutafuta kivuli, kigari cha mtoto kikagoma gurudumu, na mfuko wa nepi ukamwagika mbele ya duka la zawadi. Katika vurumai hiyo mimi nikatamka, namshuhudia Mungu, kwamba neno lililoandikwa juu ya mlango wa duka lilihitaji kihusishi.

Binti yangu aliinuka na nepi mkononi. Hakupandisha sauti. "Mama, samahani," alisema. "Tangu asubuhi umezungumza na kuta. Huyu hujamsemesha."

Alilisema kwa Kiswahili, na kwa lafudhi ya kwetu. Nilitafuta jibu, nikakuta ninalo, ila siwezi kulitoa. Nilitaka kumwuliza: na wewe? Mwezi mzima nimekaa kwako Atlanta, nami nimekusikia ukimwambia mwanao kwa Kiingereza ale, alale, asiguse. Nilikuwa nimeliweka swali hilo moyoni kama deni ninalomdai. Pale juani nikatambua kwamba mdaiwa alikuwa mimi.

Nitaeleza. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule za sekondari ambazo masomo mengine yote hufundishwa kwa Kiingereza. Katika mojawapo kulikuwa na kibao cha kamba, akivishwa shingoni mwanafunzi aliyenaswa akisema Kiswahili nje ya kipindi changu. Angekivaa mpaka amnase mwenziwe. Nilipokuwa mwalimu wa zamu nilikiandika katika daftari: kimeanza kwa fulani, kimelala kwa fulani. Asubuhi nilifundisha ushairi, nikawaambia watoto kwamba lugha yao ni bahari isiyopwa. Jioni niliorodhesha walioiongea. Sikuona mgongano wowote, na kama niliuona niliuita utaratibu wa shule.

Nyumbani nilikuwa mkali zaidi. Binti yangu alipomaliza darasa la saba nilitangaza kwamba chakula cha jioni ni Kiingereza. Aliyetaka chumvi aiombe kwa Kiingereza. Nilikuwa nimewaona watoto wengi wenye akili wakianguka kidato cha kwanza kwa sababu ya lugha tu, na sikutaka wangu awe miongoni mwao. Hakuanguka. Alifaulu, akapata nafasi ya kusoma ng'ambo, akaolewa, akazaa, na kwenye meza ya chakula akaendelea kusema lugha ile niliyomfundisha kuwa ndiyo ya mezani.

Hayo sikuyasema. Nilisema, "Nipe mtoto."

Katika mkoba wangu nilikuwa na kanga. Binti yangu alinisaidia kuifunga, na kwa mara ya kwanza tangu mdogo wake awe mchanga, nikabeleka. Mgongo una kumbukumbu zake. Mikono ilijua fundo liwekwe wapi kabla sijafikiri. Wazazi wake niliwaambia waende kwenye ule mlima bandia waliokuwa wakiutamani, wa magari ya reli yanayopanda polepole na kuporomoka gizani, ambao hauruhusu mtu aliye chini ya sentimita 112. Kule kuna utaratibu mzuri wa wazazi kupokezana, mmoja akapanda huku mwenziwe amebaki na mtoto, bila kupanga foleni upya. Niliwaambia kupokezana hakuhitajiki, waende wote wawili. Walitazamana kama wezi, wakaondoka.

Tulibaki wawili chini ya veranda ya Harambe, mimi na mume wangu. Ndivyo nimwitavyo, na wenye utani wa bibi na mjukuu hawatashangaa. Nikaanza kumsemesha. Mwanzoni nilijisikia mpumbavu, maana mwalimu hazoei kusema pasipo swali la kujibiwa. Nilimwambia huyu ni ndege, mweupe, anatafuta chakula kama wewe. Nilimwambia wingu lile linakuja na mvua, na mvua ya Florida huja alasiri, hunyesha kwa hasira, hukatika. Nilimwambia kwamba babu yake alikuwa hodari wa kuparura nazi, nikamweleza jinsi tui la kwanza linavyotofautiana na la pili. Akanyamaza. Sikujua kama alikuwa anasikiliza au amechoka kulia, lakini nilihisi sikio lake limegusa mgongo wangu, mahali ambapo sauti hupita kwanza kabla ya kutoka mdomoni.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba nimezifundisha bembelezi kwa miaka mingi bila kuimba hata moja darasani. Tuliandika ubaoni sifa zake na dhima zake, wanafunzi wakazikariri, wakapasi. Sikuwahi hata kuwaonyesha mnyororo ule mzuri wa maneno: bembea, bembeza, bembeleza. Kitu kinaning'inia na kwenda huku na huku, mtu anakisukuma, kisha kusukuma kule kunageuka kuwa sauti ya kumtuliza mwingine. Kila upande palikuwa na bembea za mamilioni ya dola, na mtoto alilala juu ya mwanamke mzee aliyekuwa akihama kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

Mvua ilinyesha, ikakatika. Alipoamka nilimshusha, akaushika ukingo wa benchi. Kisha akaachia.

Wenzangu wa Bara huenda wakahitaji kuelezwa kwamba kuna kusimama, na kuna kusimama dede. Dede ni kule kusimama kwa mtoto ambaye bado hana hakika na miguu yake: magoti yanatetema, mikono imeinuliwa kama ya mtu anayevuka maji, na uso una mshangao wa mtu aliyejikuta juu. Hudumu kwa muda wa pumzi tatu nne. Watu wazima walio karibu hupiga makofi na kuliimba neno lenyewe, dede, dede, mpaka mtoto aketi kwa kishindo. Niliimba. Mhudumu kijana aliyekuwa akifagia maji ya mvua, mzaliwa wa Afrika Kusini kwa maelezo yake mwenyewe, aliacha ufagio akapiga makofi pamoja nami. Hakuijua lugha, lakini alilijua tendo. Tulirudia mara kumi, labda kumi na tano. Kuta za Harambe sikuzitazama tena, na hata sasa siwezi kukwambia lile duka lililohitaji kihusishi liliitwaje.

Usiku, hotelini, wote walipolala, niliandika ubeti mmoja nyuma ya risiti ya chakula. Sikuwa nimetunga chochote tangu nistaafu. Nauweka hapa kama ulivyo, wenye mizani watauhesabu:

Dede dede, mume wangu, shika kidole simama,
Ukichoka panda kwangu, mbeleko ingali njema,
Nikirudi nchi yangu, utasemeshwa na mama,
Hili neno ndilo fungu, sina shamba la kulima.

Mshororo wa tatu ulinitaabisha. Nilikuwa nimeuandika kwa namna ya swali, nani atakusemesha, nikaufuta. Kuuliza kungekuwa kumlaumu mtu aliyelala chumba kile kile, umbali wa hatua mbili, na mkono wake juu ya kitanda cha mtoto. Nikauandika kwa namna ya ahadi, ingawa haikuwa yangu ya kuahidi. Asubuhi niliiacha risiti juu ya meza, penye vikombe, kwa makusudi ambayo nadhani hayakumficha mtu.

Siku ya kurudi tulikuwa tunapata kifungua kinywa. Mtoto alikuwa chini, ameshika mguu wa kiti. Akauachia. Akasimama, mikono juu, akatutazama mmoja mmoja kama mtu anayehakikisha kwamba mashahidi wametosha, na akasema, kwa uwazi kabisa: "Dede."

Mkwe wangu aliruka kutoka kitini. Kimarekani, neno "daddy" hutamkwa karibu sana na dedi, na baba aliyengoja mwaka mzima hahitaji silabi zote zikae sawa. Alimnyanyua mtoto juu ya kichwa chake, akazunguka naye, akapiga simu kwa mama yake mzazi akiwa na machozi machoni: ameniita, neno lake la kwanza, ameniita mimi.

Nilifungua mdomo. Mezani palikuwa na watu wawili tu waliojua neno lile ni la lugha gani, na mmoja wao alikuwa ananitazama. Binti yangu hakuwa na hasira, wala hakunionya kwa jicho. Alikuwa anangoja tu kuona nitafanya nini.

"Hongera, baba," nilimwambia mkwe wangu, nikamwongezea chai.

Tulipokwenda kwenye gari, binti yangu alinifungulia mlango wa mbele. "Leo kaa hapa, Mama, unyooshe miguu." Yeye akaketi nyuma, ubavuni pa kiti kile kilichogeuzwa. Alinyamaza kwa muda mrefu. Tulikuwa tunakaribia Valdosta nilipoanza kusikia sauti yake, ya chini, ikimsimulia mtoto habari za yule twiga ambaye hakumtazama: shingo yake, kope zake, ulimi wake. Alitafuta maneno, mengine akayakosa, na mara mbili alikosea ngeli.

Sikugeuka. Mkwe wangu aliniuliza kama redio iwashwe, nikamwambia aiache kwanza.